Mwavuli Nyuma ya Ukuta wa Mawe

Ndiyo, mwavuli ule bado tunao, mama yangu mpendwa. Uliponiuliza jana kwenye simu nilicheka tu, lakini tangu hapo moyo wangu umeenda Uskoti na umegoma kurudi hapa Bertrams, Joburg.

Siku ile tulipowatembelea, ulikaa mbele na yaya Josué, kaka yangu mkubwa unayeishi naye huko. Mimi na Espoir nyuma, wachumba, nawe ukituchunga kwenye kioo. Barabara ilikuwa nyembamba, ya gari moja tu, na kondoo kila upande. "Hawa wote ni wa nani? Hakuna hata mchungaji!" ukashangaa, ukawapungia mkono kama jamaa zako. Ukasema vilima vile ni kama vya kwetu Masisi kabisa, ila baridi imezidi.

Saa zikapita hujala. Espoir, mtoto wa Joburg, anayejua Kizulu kuliko mila zetu, akadhani unaumwa. "Mama, biskuti. Hata moja tu."

"Nimeshiba, mwanangu."

Shibe gani! Ukaomba gari lisimame, eti unyooshe miguu. Ukachukua mkoba wako, ukapotelea nyuma ya ukuta wa mawe. Mvua ikashuka. Kabla sijamzuia, Espoir alishanyakua mwavuli na kukimbia, nami mbio nyuma yake. Tulikukuta umechuchumaa, yai la kuchemsha mdomoni! Ukajifunika kitenge kichwa kizima.

"Wee! Mukwe! Rudi!"

"Espoir, geuka!" nikapiga kelele. "Mama hali mbele ya mukwe mpaka aoe na kumpa kitenge!"

Aligeuka, mama, lakini hakuondoka. Alikupa mgongo, akanyoosha mkono nyuma, mwavuli juu yako, yeye akilowa mpaka soksi.

"Kula taratibu, mama. Sioni kitu."

"Na masikio uzibe," ukajibu huku unatafuna.

Garini ukaninong'oneza: "Huyu usimwache." Sikumwacha! Wiki ya tatu sasa ni mume wangu, na kila nikilitamka neno hilo nacheka peke yangu, hata barabarani nikisubiri taa ya robot iwake kijani. Anaimba akipiga pasi. Ananipigia simu kutoka kazini kuniuliza tu kama nimekula. Mama, kumbe mtu anaweza kufurahi hivi!

Lakini siku ya harusi karatasi zako za safari zilikuwa hazijatoka. Tulikuwekea sahani, ikabaki imefunikwa mpaka watu wakatawanyika. Kitenge chako kiko juu ya kabati. Shangazi alishauri tukitume kwa posta, Espoir akakataa kabisa: "Hapana. Kwa mkono wangu." Kwa hiyo hata leo, akipita nyuma yangu tukiongea kwa video, unaficha bakuli chini ya meza. Nacheka, kisha ukikata simu nalia. Sijawahi kuwaona ninyi wawili mkila meza moja. Ndicho kitu pekee ninachokikosa katika ndoa hii.

Sasa kaa chini, mama. Viza zetu zimetoka leo asubuhi.

Mkumbatie yaya Josué, mwambie aandae gari, atupeleke tena pale ukutani. Wewe chemsha mayai mengi. Espoir atakukabidhi kitenge chako, kisha atakaa mbele yako, akikutazama usoni. Mvua ikinyesha, mwavuli nitaushika mimi. Kabla mwezi huu haujaisha, mama, tutakuwa mlangoni kwako.

Binti yako, ambaye sasa ni mke wa mtu