Nimevunja Chungu ya Mama

Yaya Ngoie, dada yangu, mutoto wa kwanza wa mama yetu,

Jambo yako. Magoti inaendelea namna gani? Mvua imefika kwenu? Mimi huku Ruashi niko mugumu sawa chuma, mukono wa kuandika tu njo haukusoma sana. Vumilia.

Siku ya Mungu tulitosha kilio, tulimaliza matanga ya marehemu mutoto wangu Kabwe, kusudi mujane wake Mado avue nguo nyeusi. Na unajua kwetu: filimbi ya udongo isipolia, mujane havui. Anabakia mwaka ingine bila kuuza ku soko, bila kupeana mukono na bantu. Filimbi ya baba tulizika naye. Basi siku za mbele nikasema kwa bote: nitatengeneza mimi. Nani mwingine anaweza? Hakuna.

Mutani wetu Kasongo, mwenye kazi ya kuchekesha bantu ku kilio, akalalamika: «Tata, tangu lini mwanaume anafinyanga? Kesho tutakuvalisha kitenge!» Bote wakacheka. Mado hakucheka.

Nikachukua udongo ku muto Naviundu, laini sawa siagi. Nikaunga bibakuli bibili bidogo, nikatoboa mudomo na matundu ya bidole, nikakausha mu kivuli, nikachoma mu mbabula ya makala. Paa! Ikapasuka. Ya pili, paa! Kasongo iko ku mulango: «Tata, ni filimbi ao ni grenade?»

Mado akauliza pole: «Baba, mama yenu alikuwa anachanganya nini?»

Nikamukaripia. Kisha nikakumbuka: mama alikuwa anasaga bigae bya chungu ya zamani, kusudi moto upate njia ya kutokea. Lakini huku iko sufuria na plastiki tu. Chungu ilikuwa moja tu, ile ya mama, yenye ulinipa ya kuweka maji.

Nilikunywa maji yote kwanza. Nikaifunika na nguo, nikapiga nyundo. Yaya, ile sauti usiniulize.

Nikasaga, nikachanganya, nikafinyanga ya tatu. Wakati iko mu moto, Mado alichagua muchele, akamaliza, akaanza tena uleule. Hakukuwa paa.

Siku ya Mungu nikapuliza mbele ya bukwe, jamaa ya Mado. Pumzi tu. Ata Kasongo akavua kofia, na pale njo niliogopa. Nikachokonoa mudomo na kijiti ya fagio, majivu ikatoka, nikapuliza. Ikalia! Sauti nzito, haina nzuri sana, lakini jirani walitoka inje. Mado akasimama, akafungua kilemba nyeusi.

Filimbi iko na Kabwe sasa, ku kaburi yake. Siombi samahani, ata wewe ungevunja. Lakini shingo ya chungu sikuisaga. Nimeifunga mu shati yangu, mwenye lori atakuletea. Isage, uchanganye, ufinyange chungu ingine. Mama naye alifanya vile na chungu ya mama yake.

Salimia mukwe wako mwenye kukupikia, na mutoto wako mwenye kutengeneza baiskeli. Mwambie katekista, ule mwenye kungojea kunizika, bado niko muzima, atahuzunika.

Chungu ikitoka nzima, nitakuja kunywa maji yake. Ikipasuka, usiniambie.

Ndugu yako Ilunga, fundi ya filimbi, peke yangu Ruashi nzima