Fimbo ya Baba Ndani ya Kioo

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mpwa wako kang'oka jino la mbele, na shemeji yako bado anakoroma kama cherehani ya marehemu Baba.

Jumapili tulikwenda makumbusho. Kaka, mwenzio nimeona makubwa. Kwenye kabati la kioo, imelazwa juu ya kitambaa chekundu, nimeiona fimbo ya Baba. Usiniambie zinafanana! Ina alama za meno ya yule mbwa wetu, na waya wa redio aliouzungushia Baba mwenyewe fimbo ilipopasuka. Kibao kinasema eti ni ya mganga wa kuita mvua. Fundi cherehani wa watu, aliyekuwa akiitumia kufukuzia kuku! Shemeji yako alicheka. Mimi nikakaa sakafuni.

Fimbo ile tulimzika nayo. Nilikukabidhi kwa mkono wangu, ukabaki peke yako chumbani kufunga jeneza.

Mama sijamwambia. Kaka, uliitoa wewe? Maana kama si wewe, basi kuna mtu alimfukua Baba. Sema ni wewe, nitakusamehe leo hii.

Mdogo wako,
Kelele