Maneno Niliyoyaanza Sirisia

Mpendwa Baba,

Jumapili iliyopita kanisa letu hapa Kitale lilinichagua kuwa mzee wa kanisa. Watu walipiga makofi, nami nikarudi nyumbani na uzito kifuani. Kuna jambo la mwaka ule tulipokimbia ambalo sikuwahi kukuambia, na siwezi kuianza kazi hii kabla sijalisema, hata kama ulishatutoka.

Unakumbuka kondoo wetu saba kule shambani nje ya Kitale, karibu na mlima? Majirani waliwaswaga wa kwao mbio ili wawahi kazi nyingine. Wewe uliwaacha waende mwendo wa yule aliyezaa juzi, nami nilikereka kwa kuchelewa. Ulinijibu tu kwamba wenye nguvu hawapotei. Kanisani, ulikokuwa pasta, ulikuwa hivyo hivyo. Ibada haikuanza hadi Mama Chebet, yule mjane aliyefagia kanisa, afike na mguu wake mbovu.

Kisha miaka ya tisini ilipoanza, watu wakachomeana nyumba. Watu wa lugha ya Mama Chebet na watu wa lugha yetu, waliokuwa wakiazimana jembe, wakaogopana. Kondoo tuliwaacha. Familia kadhaa za kanisa lako tulikimbilia Sirisia, tukapewa darasa moja la shule ya msingi. Mama Chebet alikuja nasi kwa sababu nyumba yake pia iliungua na hakuwa na mtoto wa kumpokea.

Wiki ya pili ikavuma darasani kwamba anapeleka habari kwa watu wake. Akina mama wakakataa chakula alichopika. Mzee Wafula, msaidizi wako, akakujia mchana mbele yetu sote, akasema kwa heshima, "Pasta, huyu mama aende tu. Akibaki, sisi hatutakufuata tena."

Ukauliza, "Nikimtoa huyu leo, kesho mtaniambia nitoe nani?"

Ukamwambia Mama akunje blanketi. Tukatoka sisi watatu na Mama Chebet, tukaenda Bokoli kwa baba mdogo, naye akatupa jiko lake la nje tulale humo. Tangu siku hiyo hukuitwa pasta tena. Mama alilia, akakuuliza kama sisi si kondoo wako pia. Ulichukua jembe ukaenda kufanya kibarua.

Baba, maneno yale niliyaanza mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimwona Mama Chebet kisimani akiongea kwa lugha yake na mwanamume nisiyemjua. Niliwaambia akina mama, na waliponizunguka kunisikiliza, nikaongeza kwamba alinyoosha kidole upande wetu. Hakunyoosha. Baadaye nilijua alikuwa anauliza kama dada yake yuko hai.

Kule Bokoli alinisuka nywele kila Jumamosi, nami nikitazama chini. Aliaga dunia kabla hatujarudi Kitale. Ulimzika kwa wimbo wa lugha yake, ukiuimba peke yako kwa sababu sisi hatukuyajua maneno. Tuliporudi, kanisa lilikuwa na mchungaji mwingine, ukakaa benchi la nyuma bila kulalamika. Mzee Wafula alikuja kukuomba msamaha, mkanywa chai. Mimi ndiye niliyemimina ile chai, na sikusema.

Siku nilipokwenda chuo cha ualimu ulinisindikiza hadi stendi. Nakumbuka ulivyonishika mkono. "Mama," ukaniita, maana nina jina la mama yako, "hata kama wangesema nikutoe wewe, ningekataa." Nilijifanya sijaelewa, nikapanda gari.

Tangu hapo nimejua kwamba ulijua. Hukuniuliza, na mimi nikauchukua ukimya wako kama ruhusa ya kunyamaza.

Jumapili hii, kabla hawajaniwekea mikono, nitasimama niwaambie watu nilichosema na nilichomfanyia Mama Chebet. Mzee Wafula bado anakuja kanisani, atasikia. Huenda wasinitake tena, na itakuwa haki yao. Nimeshamwambia mume wangu. Naogopa, Baba, lakini nitasema jina lake kwa sauti, mbele ya wote.

Lala salama.

Binti yako,
Nekesa