Picha ya Mama Ngoie

Kamina

Mama yangu mzazi,

Kabla ya yote niambie habari ya goti lako, maana kaka Juma alinidokeza kwenye simu kwamba siku hizi unasali umekaa. Ile dawa ya kupaka niliyompa msafiri imekufika? Na baba mdogo, kifua kimemwachia? Sisi huku, mimi na Ramazani na watoto, tu wazima, Mungu ashukuriwe. Moyo wangu tu ndio haujakaa sawa. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ningelia na wewe ungeshtuka.

Mama, tumemzika Mama Ngoie.

Unamjua kwa masimulizi yangu. Ndiye mwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba tunamopanga, mke wa Papa Ilunga aliyekuwa akiendesha treni ya mizigo hadi Luena. Nilipofika hapa bibi arusi, sijui Kiluba hata cha kuomba maji, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka sokoni na kunifundisha jina la kila samaki. Nilipojifungua Hadija, nawe barabara ikakuzuia kuja, ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto. Alikuwa mwimbaji wa kanisa, lakini Ramadhani haikupita bila kuniletea ndizi za kufuturu. Alisema Mungu hana wivu wa ndizi.

Tumbo lilimwanza pamoja na mvua. Binti yake Berna ni mwalimu, anakaa nyumba ya nyuma, parseli hiyohiyo. Yeye alitaka mama yake apelekwe Lubumbashi. Papa Ilunga akakataa kabisa, akasema mwili ule hauwezi safari. Wakabishana mbele ya mgonjwa, na Berna akatamka neno ambalo mtoto hamwambii baba yake. Tangu hapo wakawa wanapishana uani kama wapita njia. Mama Ngoie alikufa wakiwa hivyo.

Huku jeneza la Mkristo hutanguliwa na picha ya marehemu. Ya kwake iliyokuwa ukutani, paa lilivuja juu yake hata uso ukabaki doa. Siku moja kabla ya maziko, nimemaliza tu sala ya adhuhuri, Papa Ilunga akasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Mwamini, mwana wangu, weye njo unajua mambo ya kuchapa. Bibi yangu hawezi kwenda bila sura. Ma foto iko kwa Berna."

"Umemuomba, Papa?"

"Muombe weye," akasema, akaenda kukaa na wanaume.

Kazi yangu unaijua. Sebuleni nina kompyuta na emprimanti, ndivyo huku wanavyoita mashine ya kuchapa, nachapia wanafunzi kazi zao. Modemu ya wifi iko kwa Papa Ilunga, inakula moto wa sola yake, na parseli nzima tunaitumia. Zamani Berna alikuwa akituma mitihani yake kutoka kitandani kwake, na karatasi zinatoka kwangu bila waya wowote. Nikadhani itakuwa hivyo tena.

Haikuwa. Berna alituma picha, kompyuta yake ikajibu kwamba haioni emprimanti yoyote. Nikarudi kwangu, nikaizima na kuiwasha, nikachapa ukurasa kutoka kompyuta yangu mwenyewe. Ukatoka safi. Basi ugonjwa haukuwa kwenye emprimanti. Nikarudi kwa Berna, nikamwambia atie picha kwenye flash niende nazo. Akanionyesha matundu ya kompyuta yake. Yaliharibika chai ilipoyamwagikia, siku alipokuwa akimnywesha mama yake nayo ikiwa mapajani. Nje fundi alikuwa akigongomea misumari ya jeneza.

Nikajaribu njia nyingine. Kwenye kompyuta yake niliifungua dosie ya picha, yaani folda, ili kompyuta yangu iweze kuichukua kutoka kwake. Nikakuta kompyuta yake imeambiwa iko mahali pa watu wengi, kama hotelini, nayo katika hali hiyo hujificha. Nikaiambia iko nyumbani. Bado. Nikaenda na kurudi uani, wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, wakinitazama, hata jasho likanitoka. Mwisho nikalinganisha namba ambazo kila kompyuta hupewa na wifi yake. Zilipaswa kufanana mwanzo, kama watu wa ukoo mmoja. Hazikufanana. Ndipo nikasoma jina la rezo, yaani mtandao wa wifi, juu ya kioo cha Berna. Haikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya jirani, ng'ambo ya ukuta.

"Berna, kwa nini uko mu rezo ya bengine?"

Akasema: "Tata alibadilisha kode. Siku tuligombana. Alinifunga inje."

Nikaelewa. Papa Ilunga alikuwa ameniletea kode mpya, neno la siri la wifi, wakati ule, akiniambia, "Usipatie muntu." Sikuwaza mtu huyo ni nani. Sasa ilikuwa kichwani mwangu, ningeweza kuiandika pale na kumaliza. Lakini nilikuwa nimemkubalia mzee. Nikaenda kumnong'oneza mbele ya wanaume wenzake kwamba bila kode picha haitoki.

Aliinuka. Nilidhani ataniruhusu tu, kumbe alivuka ua mwenyewe, akainama kupita mlango wa Berna ambao hakuwa ameukanyaga muda wote ule. Akaandika kode kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Kisha akabaki ameinama.

"Usiku ule tuligombana niliona ile taa ya modemu inawaka," akasema. "Nikajua unasoma mambo ya ugonjwa wake. Nikasema, anatafuta namna ya kusema minyi njo namuua. Njo maana nikabadilisha kode."

"Nilikuwa natafuta dawa, Tata."

"Najua. Minyi niliogopa atakufia mu njia, nimuzike fasi hatuna muntu."

"Si ungesema vile?"

"Muntu wa treni aseme anaogopa njia?"

Berna akafunika uso. Mzee akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Jina la emprimanti lilitokea lenyewe kwenye kioo. Tulichagua picha wote watatu. Berna alitaka ile ya vazi la kanisa. Papa Ilunga akagusa nyingine, Mama Ngoie akichambua sombe, anacheka mdomo wazi, jino lililong'oka linaonekana.

"Hii," akasema. "Njo yee mwenyewe."

Alinifuata kwangu akasimama mbele ya emprimanti, viganja vyake chini ya karatasi, kama mtu anayepokea kitu kinachoweza kuvunjika. Nywele zikaja kwanza, kisha paji la uso. Macho yalipotoka, mzee alikaa chini.

Berna ndiye aliyeibeba. Njia ya makaburini ilikuwa tope, na baba yake alimshika kiwiko mpaka mwisho. Usifikiri wamepatana, mama. Berna ameniambia mwenyewe, "Bado siyamusamehe yote." Ila jana, nikianua nguo, nilimsikia mzee akiita kutoka mlangoni kwake, "Berna, kuja tukule." Baada ya kitambo nikamwona akivuka ua na kiti chake mkononi.

Mama, mimi sina picha yako hata moja. Mwambie Juma akupige picha, usivae kitenge cha sikukuu. Akupige ukipepeta mchele.

Nisalimie Juma na mkewe. Baba mdogo mwambie namwombea kila sala. Shangazi Zubeda, aliyenisuka siku ya arusi yangu, mbusu mkono kwa niaba yangu, na yule jirani mzee anayekuletea kuni mwambie sijamsahau. Ramazani anakuamkia kwa heshima, na Hadija anataka kujua kama una meno yote.

Ubaki katika ulinzi wa Mungu.

Ni mimi, mtoto wako wa tatu,
Mwamini