Kilo za Watoto wa Mabalako

Masika mjukuu wangu,

Sisi huku Butembo tungali tunapumua. Mama yako amevuna maharagi, goti langu bado linauma. Unauliza kwa nini profesa wenu wa takwimu anataka kipimo cha pili kiwekwe kando ya kile cha kwanza cha mtu yuleyule.

Wakati wa vita nilikuwa muuguzi Mabalako, nikipima watoto waliokonda. Mwezi ulipopita tukapima tena. Wastani wa kilo ulikuwa umepanda. Mkubwa wetu akafurahi. “Batoto banapona,” akasema.

Mimi nilichukua madaftari yote mawili, nikatafuta jina moja moja. Waliopimwa mara mbili, karibu wote walikuwa wamepungua. Wastani ulipanda kwa sababu wale wepesi kabisa hawakuwamo tena katika daftari la pili. Tulikuwa tumewazika. Kavira, binti wa jirani yangu, alikuwa mmoja wao.

Nikamwonyesha mkubwa.

“Donc, basi hawaponi,” akasema. “Tuandike ripoti upya, tuombe chakula.”

Chakula kilifika, lakini kwa wengi kilichelewa.

Basi jina likikosa kipimo cha pili, Masika, usilifute upesi. Uliza kwanza mwenyewe yuko wapi.

Ni mimi, koko wako