Binti wa Fundi Mageti Kapungukiwa Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Tumetoka kwa daktari wa moyo. Mwalimu wangu — binti yangu, nani mwingine — kapandishwa ile baiskeli ya hospitali isiyokwenda popote, kavalishwa kidude mdomoni cha kupima pumzi. Hata na kidude alipendeza! Ila alichoka mapema kuliko mwaka jana. Siku hizi hata akiandika ubaoni anaegemea meza.

Daktari kasema huenda si moyo. Tundu alilozaliwa nalo lilizibwa akiwa mdogo, na kiraka bado kizima. (Nikamwambia: huyu hata sare ya shule hakuwahi kuichana.) Kumbe mwili umeishiwa madini ya chuma. Ale vidonge, mwezi wa tano arudi kwenye baiskeli. Akikanyaga vizuri, basi ilikuwa chuma tu. Asipoweza, watafikiria kumpasua tena kifua.

Tena! Sitaki kuliandika hilo neno mara mbili.

Kwenye dirisha la dawa, mtoa dawa alikuwa ananieleza namna ya kumeza, nami namweleza jinsi mwalimu wangu alivyoongoza chuoni. Tuliongea kwa pamoja. Mtu msikivu sana yule. Kikaratasi cha ndani ya boksi kakichukua mwalimu mwenyewe — huyo husoma hata maandishi ya kiberiti.

Jumanne, 4 Machi

Baba yake kachukia! Yeye ndiye fundi wa kuchomelea, mageti ya mtaa mzima ni yake. "Apungukiwe chuma? Nyumba hii? Kitanda chuma, madirisha chuma, hata kigoda chako cha jikoni chuma! Daktari kanitukana."

Nikamwambia, Baba Mwalimu, mtoto halambi geti.

Jioni nafunua sufuria ya maharage — nati! Eti kaiosha kwanza.

Jumamosi, 15 Machi

Vidonge vinaendelea. Nampa mwenyewe kila asubuhi, na kikombe cha chai yangu juu yake. Nzito, majani yamekolea, maziwa, sukari ya kutosha. Chai yangu inaamsha maiti, muulize yeyote! Anapokea kwa mikono miwili, asante mama, anaenda kunywea dirishani. Anasema anafuata upepo. Nimezaa mtoto mwenye adabu, jamani.

Jumapili, 6 Aprili

Fundi katengeneza baiskeli yake ya kukaa palepale, kwa mabaki ya geti. Ina kengele. Ina taa. Ina breki! Jirani yetu, tunamwita Mama Mdomo, kauliza breki ya nini na kitu hakiendi. Fundi kajibu: "Usalama."

Daktari karuhusu mwalimu akanyage polepole tu. Shida ni mtaa. Kila mtu anataka kupanda! Mama Mdomo kapanda, kanga yake ikanaswa na mnyororo, fundi ikabidi aje na mkasi wa bati. Na muda wote huo aliokwama, yeye anapiga kengele. Nani ampishe njia?

Aliposhuka na nusu kanga akanitupia neno: "Mke wa fundi, wewe na mageti yote hayo, mwanao hana chuma?" Nikamjibu, mwanao wewe kashiba chaki na kusoma hajui. Tukacheka. Usiku sikucheka.

Jumatano, 30 Aprili

Ua langu la kwenye ndoo, chini ya dirisha, limekufa. Udongo unanata, sisimizi wamejaa kama wamealikwa. Ni paka wa Mama Mdomo, nina hakika. Nimemwambia. Hatusemezani.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika hapahapa kwenye benchi la hospitali. Nimetolewa chumba cha baiskeli. Nilikuwa nashangilia tu! Daktari kasema pale wanapima pumzi za binti, si kelele zangu. Fundi naye katolewa, alitaka kukaza mnyororo wao. Sasa anamweleza mlinzi habari za breki.

Nimekuja na chupa ya chai. Akimaliza, aburudike.

Nesi kapita hapa. Kampa bibi wa pembeni yangu boksi la vidonge — vilevile vya mwalimu! Kamwambia: "Bibi, usimezee chai. Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Maji tu."

Nimeisukuma chupa chini ya benchi kwa kisigino.

Kila asubuhi. Kwa mkono huu huu. Na nilikuwa nasimama pale najisifia majani!

Fundi kaniuliza, mbona umepauka? Nimemwambia joto.

Mle ndani bado anakanyaga. Namsikia. Kifua chake, Mungu wangu, kile kile nilichokuwa napaka mafuta kando ya kovu —

Ngoja.

Dirishani. Upepo. Ndoo ya ua chini yake. Udongo unanata. Sisimizi!

Na kikaratasi alikisoma.

Ee Mungu, mimi na chai yangu hii, asiyeinywa huwa namnunia mwezi mzima. Leo nakuomba: iwe aliimwaga. Yote. Hata tone asiwe amelamba. Paka wa watu nitamwomba radhi, na Mama Mdomo pia, mbele za watu.

Bado anakanyaga. Fundi kasimama, sikio mlangoni. Anasema sikiliza mnyororo, haulegei.

Kimya sasa.

Daktari katoka. Anataka kujua vidonge alikuwa anamezea nini. Kaniuliza mimi, mama mtu. Nianzie wapi? Nimwambie, daktari, nyumbani kuna ua langu limekufa —