Trei Nzima ya Mayai Imesalimika Kipawa

Shikamoo Babu, mume wangu wa Dodoma,

Kadi ni ndogo, lakini ushindi ni mkubwa! Uliapa hutapanda treni ya umeme, kwa kuwa tetemeko la ardhi likitokea, mwendo ule hausimamishwi bila kuwavunja watu shingo. Hoja yako nimeibeba hadi Kipawa, kwenye karakana ambako wanachuo wenzangu nami tumeunda treni ndogo ya majaribio, abiria wake wakiwa trei ya mayai.

Kihisi chetu hutambua mtikisiko hafifu unaotangulia ule mkubwa, kisha hufunga breki. Siku tatu treni ilisimama kwa wakati, na siku tatu tulideki ute sakafuni. Treni salama, abiria marehemu! Ndipo Chande, msukuma mkokoteni anayetuletea mayai, akacheka mlangoni: "Sista, nyie wasomi mnakaba breki kama mnakamata mwizi! Mie nikishuka kilima na mzigo huu, naanza kuzuia mapema, kidogokidogo, ndo nakaza."

Tukamtii. Leo tumeitikisa meza yenye reli kuiga tetemeko, breki zikaanza kwa upole zikazidi kukaza, treni ikasimama, na hakuna yai lililopata ufa! Tumempigia Chande makofi mbele ya wahadhiri wetu, maana elimu isiyomsikiliza msukuma mkokoteni ni kiburi kilichovaa joho.

Bado ni kielelezo, Babu, sikudanganyi. Lakini neno "haiwezekani" tumelizika. Mungu akutunzie magoti hayo, nataka uzipande ngazi za treni mwenyewe, umenishika mkono.

Mkeo mdogo,
Rehema